Kibaba cha Kila Siku

Fidia ya saumu ni chakula anachopewa maskini kwa ajili ya siku ya Ramadhani ambayo Muislamu hakuifunga. Mara nyingine chakula hicho huchukua nafasi ya saumu yenyewe, mara nyingine hutolewa pamoja na kuilipa siku, kutegemea sababu iliyomfanya mtu asifunge. Kipimo chake katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, ni mudi moja ya nafaka kwa kila siku. Waswahili wa pwani waliiita mudi hiyo kibaba, na vitabu vya dini vya Kiswahili vimeendelea kuiita hivyo hata baada ya kibaba chenyewe kutoweka madukani.

Neno fidia linahitaji kufafanuliwa mapema, hasa likisomwa mkoani Mara. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, fidia inapotajwa watu huwaza ardhi: mashamba na nyumba zinazothaminiwa ili kupisha mgodi wa dhahabu wa North Mara, kule Nyamongo. Tembo wanapotoka hifadhini na kumaliza shamba la mkulima, malipo ya serikali huitwa kifuta jasho, na hayaitwi fidia kwa kuwa hayakusudiwi kufikia thamani ya kilicholiwa. Kwa matumizi hayo, fidia ni thamani kwa thamani: aliyepoteza hulipwa alichopoteza. Fidia ya saumu haiendi hivyo. Maskini anayeipokea hakupoteza kitu, na nafaka anayopewa si bei ya saumu. Katika Kiarabu mzizi wa neno hili ni kukomboa, kama mateka anavyokombolewa. Qur'ani inautumia katika Sura ya 37 inaposimulia jinsi mwana wa Nabii Ibrahim alivyokombolewa kwa mnyama wa kuchinjwa. Mwenye deni la siku ambayo mwili wake hauwezi tena kuilipa hujikomboa kwa kumlisha mwingine. Ibada iliyokuwa ya kujinyima chakula imewekewa ukombozi wa chakula, na ndiyo sababu wanazuoni wengi waliona uzito kuugeuza kuwa kitu kingine.

Asili ya hukumu hii ni aya ya 184 ya Sura ya Al-Baqara, iliyoshuka Madina wakati saumu ya Ramadhani ilipofaradhishwa, mwaka wa 2 wa Hijria. Aya hiyo inamruhusu mgonjwa na msafiri kuhamishia saumu yao siku nyingine, kisha inataja fidia ya kumlisha maskini kwa wale ambao saumu inawaelemea. Juu ya kundi hilo la mwisho Maswahaba wenyewe walipokea mafundisho mawili. Salama bin Al-Akwa alisimulia kwamba hapo mwanzo mtu alikuwa na hiari: anayetaka alifunga, na asiyetaka alikula akatoa fidia, hadi aya iliyofuata ilipoiondoa hiari hiyo. Ibn Abbas alisema aya haikufutwa, bali inamhusu mzee wa kiume na wa kike wasioweza kufunga. Ukiangalia matokeo, maneno hayo mawili hayako mbali. Kijana mwenye afya hana tena mlango wa kununua siku yake kwa chakula. Mlango umebaki wazi kwa mkongwe na kwa yule ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kupona.

Namna fidia ilivyotolewa na watu wa karne ile inaonekana vizuri kwa Anas bin Malik, aliyekuwa mtumishi wa Mtume (s.a.w.) tangu utotoni na akaishi miaka mingi sana. Alipozidiwa na uzee hakuweza kufunga. Imepokewa kwamba alitengeneza bakuli kubwa la tharidi, yaani mikate iliyokatwakatwa na kulowekwa katika mchuzi wa nyama, akawaita maskini 30 wakala wakashiba. Maskini mmoja kwa kila siku ya mwezi. Hakugawa nafaka, alipika; na kitendo chake kimekuwa hoja ya wale wanaoruhusu fidia ya chakula kilichoiva, wakiwemo Wahanafi. Mashafii wao hushikilia kwamba chakula kimilikishwe: maskini akabidhiwe nafaka mkononi, aamue mwenyewe kuipika leo, kuiweka, au hata kuiuza akanunue chumvi na mafuta.

Kipimo ndicho kinachowasumbua watu zaidi. Mudi ya Mtume ilikuwa ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani, vikiunganishwa na kujazwa bila kukunjwa wala kutandazwa. Mudi nne zinafanya saa moja, ambayo Waswahili waliiita pishi. Hesabu ya pwani ililingana na ile ya sheria hatua kwa hatua: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Kwa hiyo aliyekuwa akisoma fikihi Lamu, Mombasa au Unguja hakuhitaji kujifunza vipimo vipya, alivikuta dukani. Kibaba kwa siku katika fidia, pishi kwa kichwa katika zaka ya fitri. Hata kisaga kina mahali pake, kwa kuwa Wahanafi huweka fidia ya siku kuwa nusu ya saa ikiwa ni ngano, na saa kamili ikiwa ni tende au shayiri.

Mkanganyiko uliingia pale vipimo vya ujazo vilipobadilishwa kuwa uzito. Pishi ya Zanzibar ilihesabiwa kuwa karibu ratili 6, yaani kilo 2.7, na hivyo kibaba kikawa karibu gramu 680. Wapo waliopima upya mudi ya sheria wakapata kama gramu 510 za ngano. Wengine husema 600. Mashia Ithnaashari huchukua 750. Si kwamba mmoja amedanganya. Mudi ni ujazo, na nafaka hazilingani uzito. Ulezi una chembe ndogo sana zinazojibana na kujaza kila upenyo wa kipimo, ilhali punje za mahindi ni kubwa na huacha nafasi kati yake. Kopo moja likijazwa ulezi na kisha mahindi, mizani haitasoma namba moja, lakini kwa sheria vyote viwili ni kipimo kimoja.

Kwa sababu hiyo, anayetoa fidia katika kijiji kama Busawe, mkoani Mara, ambako nafaka hupimwa kwa kopo, sado na debe, yuko karibu na utaratibu wa asili kuliko mtu wa mjini mwenye mizani ya kidijitali. Ujazo wa mudi kwa hesabu inayotumiwa sana leo ni lita 0.688, pungufu kidogo ya robo tatu ya lita. Siku 29 za mudi hiyo zinafika lita 19.95. Maana yake ni kwamba debe la lita 20, lilelile ambalo wanawake hubebea maji na wafanyabiashara hupimia mahindi gulioni, likijazwa hadi ukingoni ndiyo fidia ya Ramadhani nzima ya siku 29. Mwezi ukitimia siku 30, linaongezwa kopo moja la ujazo wa mudi. Mzee wa miaka 80 asiyeweza kufunga hahitaji kikokotoo: amtafute fakiri mmoja, ampe debe la nafaka na kopo juu yake, deni la mwaka limekwisha. Katika Ushafii vibaba vyote 30 vinaweza kwenda kwa mtu mmoja. Kisichoruhusiwa ni kukigawa kibaba kimoja kwa watu wawili, kwa sababu kila siku inasimama peke yake na kila kibaba ni chakula cha mtu mmoja.

Nafaka yenyewe iwe gani? Jibu la Mashafii ni chakula kikuu cha mji, kile ambacho watu wa hapo huishi nacho sehemu kubwa ya mwaka. Pwani jibu hilo liliangukia mchele, na vipeperushi vingi vya Ramadhani vinavyosambazwa Tanzania vimeandikwa kana kwamba nchi nzima hula wali. Nchi ya Wangoreme na Wakurya ni ya ugali: mahindi, mtama, ulezi na muhogo. Mchele huko ni chakula cha wageni, cha sikukuu na cha hotelini. Anayetoa mchele anatoa kilicho bora zaidi, na hakuna mwanazuoni atakayemkatalia. Lakini kumwambia mjane wa kijijini kwamba fidia yake haitimii bila mchele ni kumbebesha mzigo ambao sheria haikumbebesha. Debe lake la mtama linatosha.

Muhogo una mjadala wake. Kaya nyingi za Mara hula ugali wa muhogo, peke yake au uliochanganywa na mtama, na kwa miezi kadhaa ya mwaka hicho ndicho chakula kikuu hasa. Hata hivyo vitabu vya Kishafii vinataka fidia na fitri zitokane na mazao yanayotolewa zaka, yaani nafaka na kunde zinazoliwa kama chakula cha kutegemewa na kuhifadhika. Muhogo ni mzizi, hautolewi zaka katika madhehebu hayo. Ndizi za nyanda za juu za Tarime nazo hazimo. Unga pia wameukataa, kwa maelezo kwamba punje huhifadhika, hupandwa na husagwa kwa matakwa ya mwenyewe, na unga umeshapoteza manufaa mawili kati ya hayo. Basi kaya inayokula muhogo hutoa mtama, ulezi au mahindi. Si sharti gumu, maana nafaka hizo zinapatikana kila gulio, lakini ni vyema likajulikana kabla ya mtu kupeleka gunia la makopa msikitini.

Fedha ndilo swali linaloulizwa kila mwaka. Wahanafi, ambao Afrika Mashariki wengi wao ni Waislamu wa asili ya Kihindi, wanaruhusu kutoa thamani ya chakula. Mashafii, Wamaliki na Wahanbali hawaruhusu: aya imetaja chakula. Hilo halimzuii Mshafii kumtumia mtu pesa kwa simu, mradi mpokeaji awe wakili wa kununua nafaka na kumfikishia maskini. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ina maana yake. Kwa njia ya kwanza noti zinamfikia maskini na huenda zikaishia kwenye deni la dukani. Kwa njia ya pili, jioni ya siku hiyo kuna kitu jikoni.

Wanaodaiwa fidia hawako sawa. Mkongwe na mgonjwa asiyetarajia kupona wanatoa fidia tu, hawalipi siku. Imamu Malik aliona ni jambo la kupendekezwa kwa mkongwe, si la lazima, lakini wengi wamelifanya wajibu. Ugumu uko katika kutambua ugonjwa usiopona, na hapo neno la daktari lina uzito wake katika sheria. Malaria si udhuru wa fidia: mtu hula siku anazougua na kuzilipa akishapona. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa dawa za miezi 6, kwa hiyo mgonjwa wake naye anasubiri apone alipe. Mwenye kisukari kinachohitaji sindano za insulini kila siku, ambaye daktari amemkataza kabisa kufunga, anaingia katika fidia. Vidonda vya tumbo viko katikati. Wapo wanaopata nafuu wakafunga, na wapo wasioweza. Aliyetoa fidia akidhani hatapona, kisha Mungu akamponya, hadaiwi tena zile siku kwa kauli sahihi zaidi ya Mashafii, kwa kuwa wakati ule alichotakiwa kufanya ni kulisha na alikwisha kulisha.

Kazi ngumu haimo katika orodha hii. Mchimbaji mdogo anayeshuka shimoni Nyamongo na mchungaji anayezunguka na ng'ombe juani kutwa nzima wanatakiwa kunuia saumu usiku na kuamka nayo. Shida ikiwazidi mchana kiasi cha kuhofia madhara, wanafungua, na siku hiyo wanailipa baadaye. Hawana fidia, wala hawaruhusiwi kupanga tangu jana kwamba kesho watatoa kibaba badala ya kufunga. Ukanda huu uko karibu sana na Ikweta, chini ya nyuzi 2 kusini mwake, na urefu wa mchana haubadiliki kwa kiasi cha kuhisiwa. Saumu huwa ya saa 13 na kitu, Ramadhani iwe Machi au Agosti. Siku fupi za kulipia deni, kama zile wanazopata Waislamu wa Ulaya wakati wa baridi, huku hazipo, lakini ndefu za kutisha nazo hazipo.

Mama mjamzito na anayenyonyesha wamezungumzwa kwa tofauti nyingi kuliko wengine wote. Katika Ushafii huangaliwa alihofia nini. Akihofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, hukumu yake ni ya mgonjwa: alipe siku, basi. Akihofia mtoto peke yake, kwamba mimba itadhurika au maziwa yatakauka, analipa siku na kutoa kibaba kwa kila moja, kwa sababu kuna nafsi mbili zilizonufaika na kula kule. Kibaba hicho hutoka katika mali yake. Mume akitaka kumtolea, na amtolee kwa idhini yake. Abu Hanifa alisema alipe siku tu. Ibn Abbas na Ibn Umar wamepokewa wakisema atoe fidia tu bila kulipa, na kauli hiyo huwafariji wengi, maana kuna mwanamke ambaye kwa miaka 8 au 10 mfululizo Ramadhani humkuta ama na mimba ama na mtoto kifuani. Mwanamke wa namna hiyo asiachwe ajihukumu mwenyewe kwa maneno aliyoyasikia juu juu. Akae na mwalimu mmoja anayemwamini, waandike siku, miaka na sababu ya kila mwaka.

Kuandika huko kunasaidia zaidi kwenye fidia ya ucheleweshaji, ambayo pengine ndiyo inayodaiwa watu wengi na kufahamika kwa wachache. Mwanamke aliyekuwa hedhini au katika nifasi hana fidia. Ana siku za kulipa. Bi Aisha alieleza kwamba walikuwa wakiamrishwa kulipa saumu na si sala, na kwamba yeye mwenyewe hakuweza kulipa siku zake ila katika mwezi wa Shaabani. Wanazuoni wakachukua hapo kwamba Shaabani ndiyo mwisho wa muda. Anayeiacha Ramadhani nyingine iingie bila udhuru, naye alikuwa na nafasi ya kulipa, amepata dhambi, na katika Ushafii anaongezewa kibaba kwa kila siku. Ikiingia ya tatu, kibaba cha pili kinafuata. Msichana aliyeacha siku 6 na kuzipuuza hadi zikapitiwa na Ramadhani tatu nyingine anadaiwa siku 6 za kufunga na vibaba 18, yaani pishi nne na nusu. Wahanafi hawaoni fidia hapo, wanatosheka na kulipa na kutubu.

Aliyezuiwa na udhuru uliodumu, kama ugonjwa au safari iliyounganisha Ramadhani mbili, hana fidia hii. Ibn Hajar al-Haytami, mwanazuoni wa Kishafii wa karne ya 16 aliyeishi Makka, alimsamehe pia asiyejua kwamba kuchelewesha ni haramu. Kauli hiyo ina kazi kubwa katika wilaya ambazo Waislamu ni wachache na wengine wamesilimu ukubwani. Aliyesilimu hadaiwi hata siku moja ya Ramadhani zilizopita kabla ya shahada yake. Na yule ambaye alianza kufunga kijijini pasipo mwalimu, akaja kusikia habari za Shaabani miaka 5 baadaye, alipe siku zake kwa utulivu. Vibaba vya miaka ya kutojua havimwandami. Kwa wasomaji wa bara, tafsiri ya Qur'ani ya Sheikh Abdalla Saleh Farsy, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1969, iliwawezesha kuzisoma aya za saumu kwa Kiswahili bila kumsubiri mwalimu kutoka pwani. Hukumu ya kuchelewesha, hata hivyo, haimo katika aya. Imo katika vitabu vya fikihi, na hapo mwalimu hana mbadala.

Maiti naye hudaiwa. Aliyekufa kabla ya kupata nafasi ya kulipa, kwa mfano aliyeugua katika Ramadhani na ugonjwa uleule ukamchukua Shawwal, hana deni. Aliyepona, akapata siku za kutosha, akaacha, deni lake lipo. Imamu Shafii alikuwa na kauli mbili juu yake. Ya baadaye ni kwamba atolewe kibaba kwa kila siku kutoka katika mali aliyoiacha, kabla warithi hawajagawana. Ya awali inaruhusu ndugu amfungie, kwa hadithi ya Bi Aisha kwamba aliyekufa na deni la saumu hufungiwa na walii wake. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliipa nguvu hii ya awali kwa kuwa hadithi yake ni sahihi. Kwa vyovyote deni lenyewe si kubwa. Baba aliyeacha siku 12 anahitaji pishi tatu za nafaka. Ng'ombe wanaweza kuwa wamekwisha kugawanywa zizini, wajomba wamerudi makwao na matanga yameondolewa, bila mtu kuuliza kama marehemu alikuwa na siku alizobakiza. Swali hilo liulizwe siku ileile yanapoulizwa madeni mengine, na mjane ndiye mara nyingi mwenye jibu.

Fidia isichanganywe na kafara. Kafara kubwa ya Ramadhani humhusu aliyeiharibu saumu yake mchana kwa tendo la ndoa akijua na akikumbuka. Akomboe mtumwa, asipopata, afunge miezi miwili mfululizo, asipoweza, alishe maskini 60. Hukumu hii imetoka katika kisa alichokisimulia Abu Huraira. Mtu alimjia Mtume (s.a.w.) akisema ameangamia, amemwendea mkewe naye amefunga. Akaulizwa kama ana mtumwa wa kumwacha huru, hana. Kama anaweza miezi miwili, hawezi. Kama ana chakula cha watu 60, hana. Wakiwa wamekaa, likaletwa kapu la tende, akaambiwa alichukue akalitoe sadaka. Akasema hakuna nyumba kati ya mipaka miwili ya Madina iliyo fukara kuliko yake. Mtume akacheka hata magego yakaonekana, akamwambia akawalishe watu wake. Baadhi ya mapokezi yanataja kwamba kapu lile lilichukua saa 15. Saa 15 ni mudi 60, ukizigawa kwa maskini 60 kila mmoja anapata mudi moja, na hapo ndipo Mashafii walipopata uzito wa hoja yao kwamba mlo wa maskini katika sheria ni kibaba. Kwa hiyo debe la fidia linalopimwa leo gulioni linarudi hadi kwenye kapu lile la tende. Tofauti moja iangaliwe: kafara yataka watu 60 kamili, haiwezi kupewa mmoja, ilhali fidia yaweza.

Wapokeaji wa fidia ni fakiri na maskini peke yao. Makundi mengine ya zaka, kama mwenye madeni na msafiri aliyekwama, hayamo. Wala mtu hawapi fidia wale ambao ni wajibu wake kuwalisha: mke, watoto wadogo, wazazi wasiojiweza. Msikiti haujengwi kwa fidia na maulidi hayapikiwi, hata kama kamati ina upungufu.

Palipo na Waislamu wachache, kama Busawe na vijiji jirani, huzuka swali la jirani asiyekuwa Muislamu. Mama maskini kuliko wote kitongojini anaweza kuwa Msabato au Mkatoliki, au mtu wa dini ya jadi ya Kikurya. Mashafii wanaitaka fidia, kama zaka, iwafikie Waislamu. Abu Hanifa aliruhusu chakula cha kafara na mfano wake kumfikia asiyekuwa Muislamu anayeishi kwa amani na Waislamu. Anayefuata Ushafii ana njia mbili zilizo wazi. Kwanza, marufuku ya kuihamisha zaka nje ya mji haigusi fidia, hivyo vibaba vyake vinaweza kupelekwa kwa mafakiri wa Mugumu, Tarime, Sirari au Musoma, ambako misikiti ina watu wengi zaidi. Pili, jirani yake amtolee sadaka ya hiari, ambayo haina mpaka wa dini na ina thawabu zake. Kinachosikitisha ni pale mtu anapoifanya hukumu ya fidia kuwa kisingizio cha kutompa jirani chochote.

Wakati wa kutoa una mipaka. Fidia ya mkongwe haitolewi kabla Ramadhani haijaingia. Ikishaingia, anaweza kutoa kila siku kibaba chake baada ya alfajiri, au akusanye atoe mwisho wa mwezi, au baada yake. Kuchelewesha hakumwongezei kipimo. Mwaka wa mwezi una siku 354 hivi, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka na huuzunguka mwaka wa jua katika miaka 33 hivi. Kuna miaka inayoangukia baada ya mavuno, ghala zimejaa na debe la mahindi ni rahisi, na kuna miaka inayoangukia kwenye palizi, akiba imekwisha na bei imepanda. Mkulima mkongwe ambaye Ramadhani imemkuta ghala tupu ana ruhusa ya kungoja mavuno yake. Na asiyekuwa na kitu kabisa? Imamu Nawawi aliona fidia inamwondokea, kama fitri inavyomwondokea asiyekuwa nacho usiku wa Idi. Wengine, akiwemo Ramli, mwanazuoni mwingine wa Kishafii, walisema inabaki katika dhima yake hadi apate. Pande zote mbili hazimdai leo. Mzee wa namna hiyo huenda yeye ndiye anayestahili kubishiwa hodi na mtu mwenye debe.

Anayekabidhi anuie moyoni kwamba hii ni fidia ya saumu, kwa siku kadhaa. Si lazima amtajie anayepewa. Nafaka iwe safi, isiyobunguliwa wala kuota ukungu, ya aina ambayo mtoaji mwenyewe angeisaga ale. Ipimwe kwa chombo kisichopungua mudi, na mwenye shaka achukue kopo la lita moja alijaze kwa kila siku. Kinachozidi ni sadaka.